Sabuni isiyoalikwa: maswali ya wasomaji kuhusu vitu vya nyumbani

Barua za mwezi huu zimetoka Goma, Bukavu na Lubumbashi. Tulipozipanga mezani tukagundua kwamba nyingi, hata ile inayolalamikia bati na ile ya rangi ya ukuta, zinazungumzia sabuni bila kuitaja. Mafuta yakikutana na alkali ya kutosha (kitu kilicho kinyume cha asidi, kama soda kostiki), sabuni inazaliwa, uwe umeiomba au la. Tunaanza na aliyeiomba.

Bukavu, Kadutu

Jambo wandugu. Ninatengeneza sabuni ya mawese nyumbani na kuiuza sokoni. Mara ya mwisho nilichukua lita 5 za mawese, gramu 700 za soda kostiki na lita 2 za maji. Ilishika vizuri, lakini siku ya tatu vipande vikaanza kutoa majimaji kama jasho, na wateja wanasema inachoma mikono. Soda ndiyo mbaya, ao mawese? Mama wa Sabuni.

Mama, soda na mawese havina kosa, angalia kipimo. Soda umeipima kwa gramu, mawese umeyapima kwa lita, na lita ya mawese haifiki kilo. Mawese yaliyopashwa moto hadi yakawa majimaji yana uzito wa gramu 900 hivi kwa lita, kwa hiyo lita zako 5 ni kilo 4 na nusu tu. Kilo moja ya mawese inakula wastani wa gramu 142 za soda kostiki mpaka mafuta yote yageuke sabuni. Zidisha kwa 4.5, unapata gramu 639. Wewe ulitia 700. Gramu 61 zimekosa mafuta ya kuungana nayo, na soda iliyobaki huru huvuta unyevu wa hewa, inayeyuka humohumo ndani ya kipande, kisha inajitokeza juu kama matone. Jasho unaloliona ni maji ya soda. Usiliguse kwa mkono mtupu, na watoto wasilikaribie.

Hata hiyo 142 haifai kufuatwa mpaka gramu ya mwisho, kwa sababu ni wastani; mawese ya shamba hili na ya shamba lile hayalingani kabisa. Mtengenezaji mwangalifu hupunguza asilimia 5, yaani hutia gramu 135 kwa kila kilo. Mafuta machache yanabaki huru, ngozi inayapenda, na kosa dogo la mizani halimchomi mtu. Kwa kilo 5 za mawese (kilo, Mama, za kwenye mizani) tia gramu 675 za soda na lita 1 na nusu ya maji ya mvua yaliyochujwa.

Chuja mawese kwa kitambaa, kisha yapashe moto polepole mpaka yaache kutoa povu na kupasukapasuka. Mlio ule ni maji yanayotoka, na maji yaliyojificha ndani ya mawese hupimwa kwenye mizani kama mafuta yakakuharibia hesabu. Yakinyamaza, ndipo upime. Yaache yapoe hadi nyuzi 45 hivi: chombo unaweza kukigusa kwa nje, lakini hutatamani kukishikilia. Pembeni, nje ya nyumba, mimina soda kidogo kidogo ndani ya maji huku ukikoroga. Usigeuze mpango huo. Maji yakimiminwa juu ya soda, joto lote linazaliwa mahali pamoja na mchanganyiko unakurukia usoni. Hata kwa njia iliyo sahihi maji yatapanda hadi nyuzi 80 na zaidi bila kijiti kimoja cha moto. Vaa glavu za mpira na miwani, uwe na ndoo ya maji safi karibu. Maji ya soda yakishapoa nayo hadi nyuzi 45, yamimine kwenye mawese kwa mkondo mwembamba na ukoroge mpaka ukiinua mwiko, tone linaloanguka liache alama juu ya uji kabla ya kuzama. Hapo mimina kwenye kalibu. Kata baada ya siku moja au mbili, panga vipande kivulini vikiwa na nafasi kati yao, na usubiri wiki 4. Anayeuza baada ya wiki moja anauza maji kwa bei ya sabuni.

Hukututajia sufuria, nasi tunaiulizia kwa sababu wengi huharibikiwa hapo. Zile sufuria nyepesi za aluminiamu zilizojaa kila jiko la Kivu hazifai kabisa. Soda huila aluminiamu na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto. Uji unachemka kwa povu jeusi, na mwisho sufuria inatoboka. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, sufuria ya emaili, au ya chuma kisichoshika kutu.

Tuongeze habari ya mawese yaliyochacha, yale yenye harufu kali. Yana asidi za mafuta zilizokwisha kuachana na mafuta yenyewe, na hizo hushikana na soda papo hapo. Uji unaganda kwa madonge kabla hujamaliza kukoroga, ndani kukabaki mifuko ya soda. Changanya na mawese mapya nusu kwa nusu, au uyaache. Soda nayo ikikaa wazi hunyonya maji na kaboni dioksidi ya hewa, ikageuka polepole kuwa kabonati, ambayo haina nguvu ya kutengeneza sabuni ya mawese kwa njia hii. Ukikuta chembe zimeshikana kama sukari iliyolowana, gramu 675 za kwenye mizani hazina gramu 675 za soda tena, na sabuni itabaki laini yenye mafuta. Ule unga mweupe unaoota juu ya vipande wakati vinakauka ni kabonati hiyohiyo, haina neno, futa kwa kitambaa chenye maji.

Sabuni uliyonayo haijapotea. Ikwangue yote kwenye sufuria ya emaili pamoja na jasho lake, ongeza nusu lita ya maji na gramu 650 hadi 700 za mawese, uipike kwa moto mdogo saa 2 ukikoroga. Kuhakikisha, chemsha shu (kabichi) la zambarau dakika 10 na uchuje juisi yake. Tone la juisi hiyo juu ya sabuni njema iliyolowana linakuwa la buluu au kijani. Likigeuka njano, bado kuna soda huru: ongeza mawese kidogo, endelea kupika, pima tena.

Goma, Himbi

Sabuni hiyohiyo inatoa povu kwa maji ya mvua, lakini kwa maji ya ziwa inakataa, na nguo nyeupe zinakuwa za kijivu. Ni chumvi?

Ni magneziamu. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana kalsiamu kidogo tu, ila magneziamu ni nyingi, miligramu 80 na kitu kwa kila lita. Sabuni ni asidi ya mafuta iliyoshikana na sodiamu. Ikiingia kwenye maji hayo, magneziamu inamfukuza sodiamu na kuchukua nafasi yake, na sabuni ya magneziamu haiyeyuki: inakuwa utando wa kijivu unaonata kwenye beseni na kujificha ndani ya nyuzi za nguo. Povu halitokei mpaka magneziamu yote ishibe. Tukipiga hesabu ya karatasi, lita moja inameza karibu gramu 2 za sabuni kabla ya povu la kwanza, kwa hiyo bidoni ya lita 20 inakula gramu 40. Hesabu ni miti mingapi ya sabuni, yaani vipande vyake virefu, inaishia ziwani kwa mwaka.

Tumia maji ya mvua kwa kufulia kwa sabuni ya mti, na ya ziwa pamoja na sabuni ya unga ya dukani, ambayo imetengenezwa kwa namna isiyogandishwa na magneziamu. Nguo zilizokwisha kuwa za kijivu ziloweke nusu saa kwenye maji ya mvua yenye siki, kikombe kimoja kwa lita 5. Asidi huvunja ule utando. Kisha suuza na ufue upya. Usitie siki pamoja na javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Sababu iko chini.

Goma, Ndosho

Manjanja yangu (mabati ya paa) ni BG 32, yalianza kutoboka kabla ya miaka mingi, na rangi ya mafuta niliyopaka ili kuyalinda inabanduka kama ngozi ya nyoka. Shangazi yangu Bukavu ana mabati ya tangu zamani na bado mazima. Nimeuziwa mabati ya uongo?

Inawezekana, lakini kwanza tazama juu, kaskazini. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira una salfa dioksidi, kloridi ya hidrojeni na floridi ya hidrojeni. Vyote vikikutana na mvua au umande vinakuwa asidi. Mara nyingi upepo huupeleka moshi huo magharibi, upande wa Rusayo na Sake, na mji wote hupata sehemu yake upepo unapogeuka. Bati ni chuma kilichovikwa zinki. Kwenye hewa ya kawaida zinki inajitengenezea ngozi ya kijivu ya kabonati, ngumu na yenye kujilinda, ndiyo maana bati la shangazi limepoteza mng'ao na halijapoteza uhai. Mvua yenye asidi inaiosha ngozi hiyo kila mara, zinki inajenga nyingine, inaoshwa tena, mpaka akiba inaisha na kutu nyekundu inaanza.

Akiba hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. BG 32 maana yake ni unene wa robo milimita hivi, na BG 28 ni karibu milimita 0.4. Namba hizo zinasema unene tu. Zinki huandikwa kwa herufi Z: Z275 ni gramu 275 kwa mita mraba, pande zote mbili kwa pamoja, yaani mikroni 19 au 20 kila upande (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), Z100 ni mikroni 7. Mabati mawili yote ya BG 32 yanaweza kupishana hivyo, na dukani yanang'aa sawasawa. Muuzaji asiyejua Z ya bati lake, uliza kwa jirani yake. Kwa Ndosho tungechukua BG 28 yenye zinki nene, au bati lililopakwa rangi kiwandani.

Sasa rangi, maana hapa ndipo sabuni inapoingia bila kualikwa. Rangi ya mafuta imejengwa kwa asidi za mafuta. Ukiipaka juu ya zinki mpya, unyevu unaopenya unaifanya zinki iwe na tabia ya alkali, ikaungana na asidi hizo na kuzaa sabuni ya zinki, tabaka jembamba, jepesi kuvunjika, katikati ya rangi na bati. Rangi haishiki tena bati, inashika sabuni. Inatoka kwa vipande vipana, na ukigeuza kipande utaona upande wa ndani umekuwa mweupe na laini. Kwangua yote, sugua kwa brashi na maji yenye sabuni ya unga, suuza, acha ikauke. Penye kutu piga msasa na upake rangi ya kuzuia kutu. Kwenye zinki tupu paka rangi ya awali iliyoandikwa kuwa ni ya bati la zinki, au rangi ya maji ya akriliki inayofaa zinki. Rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki, hapana, hata fundi akiapa.

Mengine kwa haraka: mabati yaliyorundikwa yakiwa yamelowana huota unga mweupe kwa siku chache, kwa hiyo yapange yakiwa na vijiti katikati. Udongo wa simenti mbichi uliomwagikia bati ufutwe siku ileile, kwa sababu zinki huliwa na alkali kali kama inavyoliwa na asidi. Na kama unakunywa maji ya paa hilo, jua kwamba floraidi ya volkano haiondoki kwa kuchemsha wala kwa javeli. Ukichemsha sana inazidi kukolea. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Acha mvua ya kwanza ipite chini kabla ya kukinga, na siku moshi umelalia mtaa, kinga ya kufulia tu.

Goma, Majengo

Nimejenga kwa mawe na kokoto za lava. Ukuta ulipigwa plasta, wiki mbili baadaye nikapaka rangi ya mafuta. Inatoa malengelenge, na chini yake kuna kitu cha kuteleza. Tena sakafu ina nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Fundi anasema simenti ilikuwa mbovu.

Hicho cha kuteleza ni sabuni. Kamata kwa vidole, loweka kwa maji, utakubaliana nasi. Simenti haikauki kama nguo. Inaungana na maji na kuwa jiwe, na katika kuungana huko inaachia chokaa, haidroksidi ya kalsiamu. Plasta changa ina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya 12 na nusu au zaidi, karibu na soda ya Mama wa Kadutu. Rangi ya mafuta juu yake inapikwa ikawa sabuni, na maji yanayotafuta njia ya kutoka ukutani yanaiinua malengelenge. Siku 28 ni kiwango cha chini, na kwa Goma msimu wa mvua ongeza. Jaribu hivi: bandika ukutani kipande cha plastiki chenye nusu mita kila upande, ziba kingo zote kwa utepe, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, ukuta bado unatoa maji. Sasa kwangua rangi yote, osha kwa maji, subiri, kisha paka rangi ya awali inayostahimili alkali, au rangi ya maji tu. Unga mweupe unaoota ukutani mwezi wa kwanza ni chumvi na chokaa vinavyotoka na maji. Vipanguse vikiwa vikavu kwa brashi ngumu, kwa kuwa ukivilowesha vinarudi ndani.

Kuhusu nyufa, tunadhani simenti haina kosa. Kokoto ya lava ina matundu kama mkate. Ikitiwa kavu kwenye mashine au juu ya turubai, inanyonya maji ya mchanganyiko. Fundi anaona zege limekuwa gumu, anaongeza ndoo. Baadaye maji hayo yote yanaondoka na zege linasinyaa. Mwagia kokoto maji jioni ya kuamkia kazi, ziwe zimeshiba ndani na kavu kwa nje. Kisha kwa mfuko wa kilo 50 usizidishe lita 25 za maji, ukihesabu na yale yaliyomo kwenye mchanga. Kila lita ya ziada inaacha tundu ndani ya zege mahali ilipokuwa. Zege la nyumba kwa kawaida yetu ni kilo 350 za simenti kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko 7.

Halafu siku 7 za kulilowesha. Hapa ndipo pesa nyingi inapotea Goma. Upepo wa ziwa na jua la saa sita vinanyang'anya sakafu maji kabla simenti haijamaliza kuyatumia. Juu panasinyaa, chini bado, na utando wa buibui unatokea. Funika kwa magunia yaliyolowana au plastiki kuanzia saa sakafu inapoweza kukanyagwa bila alama. Kuimwagia maji mara moja asubuhi na kwenda zako hakutoshi.

Na wale vijana wanaokoroga simenti kwa miguu mitupu: ule utelezi wanaousikia kati ya vidole ni mafuta ya ngozi yao yanayogeuka sabuni. Vidonda vinakuja jioni, bila maumivu ya kuonya mapema. Buti za mpira, na maji safi mengi mara ngozi ikishikwa.

Goma, Kyeshero

Nilimwaga javeli chooni, haikutosha, nikaongeza asidi ya kusafishia choo. Nilikohoa usiku mzima. Na je, javeli hiyo naweza kutia kwenye maji ya kunywa ya ziwa? Kiasi gani?

Ulitengeneza gesi ya klorini, ileile iliyotumika vitani mwaka 1915. Javeli ni klorini iliyofungwa na alkali. Asidi yoyote, iwe ya choo, siki au ndimu, inaifungua. Mkojo uliokaa una amonia, nayo pamoja na javeli hutoa kloramini zinazochoma mapafu vilevile, kwa hiyo choo kioshwe kwa maji mengi kwanza. Ikitokea tena, toka nje na uache mlango wazi. Usirudi kumwaga kitu kingine juu yake. Kikohozi kikiendelea au kifua kikibana, nenda kituo cha afya ueleze ulichochanganya.

Kwa maji ya kunywa tumia javeli isiyo na manukato wala sabuni, na usome chupa. Chupa nyingi za kwetu zinaandika nyuzi za kloromita: nyuzi 9 ni asilimia 2.6 ya klorini, nyuzi 12 ni asilimia 3.6 hivi. Kwa bidoni ya lita 20 ya maji maangavu tia mililita 1 na nusu ya javeli ya 2.6, au mililita 1 ya ile ya nyuzi 12. Maji yenye ukungu yachuje kwa kitambaa na utie mara mbili ya hapo. Pima kwa bomba la sindano la mililita 5, bila sindano. Kifuniko cha chupa si kipimo. Javeli inayouzwa kwenye chupa za maji zilizotumika, imepangwa juani, haina hesabu yoyote, kwa sababu jua na joto huivunja ikabaki maji ya chumvi.

Kwa kawaida tunasema subiri dakika 30. Kwa maji ya Kivu hiyo haitoshi, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Klorini majini ina sura mbili: moja inaua vijidudu upesi, nyingine ni mvivu, na pH ndiyo inayogawa. Kwenye pH 7.5 zinagawana nusu kwa nusu. Maji ya ziwa yana pH ya karibu 9, na hapo ile yenye nguvu ni asilimia 3 tu. Subiri saa 2, kisha nusa: harufu hafifu ya klorini lazima iwepo. Kama haipo, rudia kipimo kilekile na usubiri tena. Anayeweza kuchemsha, achemshe. Dakika moja ya kuchemka kwa nguvu inatosha kwa mwinuko wetu.

Kwa kusafishia sakafu na choo ilikokuwa na mgonjwa wa kipindupindu, kikombe 1 cha javeli ya 2.6 kwa vikombe 4 vya maji. Wenye unga wa klorini wa asilimia 70, ule tuliouzoea wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020: gramu 7 kwa lita kwa sakafu, na gramu 14 kwa bidoni ya lita 20 kwa mikono.

Lubumbashi, Kamalondo

Nina kisanduku cha malakiti. Nilikisugua kwa ndimu na chumvi kama tunavyosugua shaba, kimepoteza mng'ao na ndimu ikawa kijani. Kitapona?

Malakiti, jiwe lile la kijani, ni kabonati ya shaba, zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba tupu. Ndimu inasafisha chombo cha shaba kwa kuyeyusha ule ukijani unaoota juu yake, na ukijani ule ni ndugu wa malakiti. Kwa maneno mengine ulikiosha kisanduku kwa kitu kinachokila. Suuza kwa maji, kausha, kisha kipeleke kwa mchonga malakiti akipige msasa wa maji, mwembamba na kuzidi wembamba, amalizie kwa nta. Usikisugue kikiwa kikavu: vumbi lake ni la shaba na si la kuvuta. Juisi ile ya kijani imwage mbali na kuku.

Bukavu, Bagira

Maharagwe yanakula makala tangu asubuhi mpaka saa nane. Nikitia bikarbonati yanaiva, lakini yanakuwa na ladha ya sabuni.

Bukavu iko mita 1,500 na kidogo juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95. Ukiongeza makala, nyuzi haziongezeki, mvuke tu. Tena kalsiamu na magneziamu za maji zinakaza pektini, ile gundi inayoshika chembe za haragwe. Loweka kilo moja usiku kucha kwenye lita 3 za maji ya mvua yenye gramu 45 za chumvi: sodiamu inaingia kwenye ganda na kuzitoa hizo mbili. Mwaga, suuza, pika kwa maji mapya, na nyanya usitie mpaka yalainike, kwa sababu asidi nayo inakaza pektini.

Ukitaka bikarbonati, nusu kijiko cha chai ndani ya maji ya kuloweka, nayo imwagwe pamoja nayo. Inayobaki kwenye sufuria inaharibu vitamini B1. Ladha unayoisema si mfano tu. Bikarbonati ikichemka inatoa gesi na kugeuka kabonati, alkali yenye nguvu zaidi, na kama ulitia mawese mapema, hasa yaliyochacha kidogo, zile asidi za mafuta zilizo huru zimeshikana nayo. Umepika sabuni kidogo, Mama. Mawese yatie mwisho, pamoja na kitunguu.